Mchagua Jembe

Wazee walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii hutajwa sana katika nchi ya wakulima, na wilaya za Nachingwea na Ruangwa ni nchi ya wakulima tangu zamani. Watu wake huishi kwa korosho, ufuta, mbaazi, muhogo na mtama. Maana yake haina maficho. Mtu ambaye kila asubuhi hulalamika kwamba mpini ni mfupi au bamba ni butu hatafuti jembe, anatafuta kisingizio. Mvua haimngoji wala magugu hayamhurumii. Methali ni ya kweli, lakini kweli yake ina mpaka kama shamba lilivyo na mpaka. Upo wakati ambapo kuchagua jembe ni sehemu ya kwanza ya kulima, na mtu asiyechagua mwenyewe huchaguliwa na wengine.

Wakati huo huwafikia vijana kila mwaka katikati ya mwaka. Mtihani wa kidato cha sita umekwisha kufanywa, matokeo yametoka, na ufuta wa msimu huo aghalabu umekwisha kupelekwa ghalani. Kijana aliyesoma fizikia, kemia na hisabati ana orodha ya shahada mbele yake: uhandisi wa ujenzi, wa mitambo, wa umeme, wa kemikali, wa madini, wa mawasiliano, wa kompyuta, kisha sayansi ya kompyuta, uhandisi wa programu na teknolojia ya habari. Majina yanafanana kama ndugu wa tumbo moja, na siku za kuchagua ni chache. Baba yuko tayari kuuza magunia, na mama yuko tayari kuomba dua. Lakini katika nyumba nyingi hapana mtu awezaye kueleza ni nini kinachotenga jina moja na jingine.

Hata hivyo washauri hawakosekani. Mjomba aliyeko Dar es Salaam hutuma neno kwamba dunia yote sasa imo katika kompyuta, na asiyeisoma atabaki nyuma. Jirani wa Ruangwa, aliyeona magari ya wachimbaji wa kinywe yakipita, husema kwamba mali imo ardhini, basi mtoto asome madini. Mwingine humwambia binti kwamba uhandisi ni kazi ya wanaume, kana kwamba chuma huuliza jinsi ya mtu kabla ya kupinda. Mwalimu hutazama alama tu. Ukiondoa neno aliloambiwa binti, kila mshauri ana sehemu ya kweli mkononi, lakini sehemu ya kweli inaweza kupoteza njia kama uongo mzima.

Kwa juu swali hili linaonekana kuwa la riziki: ni shahada ipi italipa? Kwa ndani ni swali la adili. Mshairi akikosea vina, aibu ni yake. Mhandisi akikosea kipimo cha daraja, kilio ni cha wapitaji. Mtunga programu akikosea hesabu ya mizani, upungufu ni wa mkulima ambaye hajapata kumwona. Kazi hizi zina tabia moja ya kutisha: anayefanya kosa na anayelipa kosa si mtu mmoja. Kwa hiyo kuchagua miongoni mwake si kuchagua mshahara peke yake. Ni kuchagua aina ya kosa ambalo mtu atawajibika nalo maisha yake yote.

Nachingwea haina haja ya kutafuta mbali mfano wa jambo hili. Baada ya vita vya pili vya dunia Uingereza ilipungukiwa na mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe wa watu watatu, ukiongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa mkuu wa idara ya kilimo ya Tanganyika, ulizunguka nchi kwa majuma machache, sehemu kubwa kwa ndege, kisha ukapendekeza karanga zilimwe katika ekari zaidi ya milioni tatu za Afrika ya Mashariki na ya Kati. Sehemu kubwa ya ekari hizo iliwekwa kusini mwa Tanganyika, na Nachingwea ikawa makao ya kazi hiyo. Kazi ilianzia Kongwa mwaka 1947. Yaliletwa matrekta, na vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Bandari ya kina kirefu ilijengwa Mtwara, na reli ikapelekwa kutoka pwani hadi Nachingwea. Lakini huko Kongwa udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, mchanga wake ukala vyuma vya majembe, na mvua haikuja kwa kadiri iliyoandikwa katika makadirio. Mnamo Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango ule, na hasara iliyofutwa vitabuni ilikaribia pauni milioni 36. Reli ya Nachingwea ilifungwa katika miaka ya mwanzo ya 1960, ikang'olewa.

Ni rahisi kuwacheka watu wale, lakini kicheko hakifundishi. Hawakuwa wajinga, walikuwa na wahandisi hodari, fedha nyingi na nia iliyoweza kutetewa, maana watu wenye njaa walihitaji mafuta. Upungufu wao ulikuwa mmoja. Walichagua jembe kabla ya kuujua udongo, na wenyeji waliokumbuka miaka ya ukame hawakuwa miongoni mwa walioandika hesabu. Hasara ilipodhihiri, waliokadiria walirudi kwao, na ardhi iliyokwaruzwa ikabaki na wenyewe. Methali ya mchagua jembe ilistahili kuongezewa neno mbele yao: mchagua jembe kabla ya kuona shamba, huyo naye si mkulima.

Kosa hilo halikuwa la wageni peke yao. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya korosho tani 145,000 hivi. Wingi huo ulitia moyo, na viwanda vya kubangua vikajengwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia, kimojawapo Nachingwea. Lakini wakati kuta zikipanda, zao lilikuwa likishuka. Kuhamishiwa vijijini kuliwatenga wakulima wengi na mikorosho yao, bei iliwavunja moyo, na ugonjwa wa ubwiriunga ukashambulia maua. Katika msimu wa 1986/87 mavuno ya nchi nzima hayakufika tani 20,000, na mashine nyingi zikalala. Hapana aliyekosea kukaza parafujo. Mashine ilikuwa jibu sahihi la swali moja, yaani korosho ngapi zaweza kubanguliwa kwa siku. Lakini swali la nani ataitunza mikorosho, na kwa faida gani, halikuwa limejibiwa.

Kompyuta nayo ina kisa chake nchini. Ya kwanza kuingia serikalini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Katika miaka iliyofuata hesabu za serikali zilihamishiwa katika mashine, lakini watu waliozielewa vizuri walikuwa wachache, na wengi wao wageni. Kazi ikaharibika, gharama zikazidi, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo ililegezwa baadaye. Lakini linganisha tarehe mbili. Mwaka 1973 Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka uliofuata kompyuta zikazuiwa bandarini. Kijana wa siku zile aliyepima elimu kwa upepo wa soko angeapa kwamba kompyuta haina kesho. Kijana wa leo apimaye kwa upepo uo huo huapa kwamba hapana kesho nyingine ila kompyuta. Wote wawili wametazama bendera badala ya kutazama bahari. Shahada ya uhandisi husomwa kwa miaka minne. Kazi yake hufanywa kwa miaka thelathini au arobaini, na katika muda huo upepo hugeuka mara nyingi.

Kama soko si kipimo cha kutosha, yafaa kutazama elimu zenyewe, kila moja na swali lake. Ardhi ya Ruangwa inatoa mfano mzuri. Kinywe chake ni madini meusi, laini, yenye magamba yanayong'aa, na katika zama hizi hutakiwa sana kwa sababu huwekwa katika upande hasi wa betri za simu, za kompyuta na za magari ya umeme. Mhandisi wa migodi huuliza namna ya kuufikia mwamba bila kuwafukia wachimbaji. Mhandisi wa uchenjuaji huuliza namna ya kuuvunja mwamba bila kuyavunja magamba, kwa kuwa magamba makubwa yana thamani kuliko madogo, na anayesaga kwa pupa husaga na faida yake. Kisha huyaelea magamba katika povu, maana kinywe hakishikani na maji bali hushikana na mapovu, kikapanda juu na kuuacha mchanga chini. Mhandisi wa kemikali huuliza namna ya kukisafisha mpaka kifae kwa betri. Mhandisi wa umeme huuliza nguvu za kuzungusha vinu zitatoka wapi. Mhandisi wa ujenzi huuliza kama bwawa la maji machafu litastahimili masika bila kuvujia visima vya watu. Jiwe ni moja, na maswali ni matano; asiyepata usingizi kwa ajili ya swali la bwawa huenda asijali hata kidogo swali la povu.

Shahada za kompyuta nazo, ambazo wengi hudhani ni kitu kimoja chenye majina mengi, hutengana vivyo hivyo. Tangu mwaka 2007, ulipoanza mfumo wa stakabadhi ghalani katika zao la korosho, mkulima wa kusini amezoea kupeleka mazao katika chama cha msingi, yapimwe, yaandikwe, yakusanywe ghalani, kisha yauzwe kwa mnada. Chama kikuu cha ushirika cha Runali kimechukua jina lake kutoka Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na katika misimu ya karibuni minada imeendeshwa pia kwa kompyuta, kupitia Soko la Bidhaa Tanzania. Katika safari hiyo ya gunia moja yamo maswali ya shahada nne. Sayansi ya kompyuta huuliza kama utaratibu wa kuwapambanisha wanunuzi utafikia jawabu sahihi kila mara, na utachukua hatua ngapi wanunuzi wakiwa elfu badala ya kumi. Uhandisi wa kompyuta huuliza kama mizani na saketi zake zitasema kweli katika joto na vumbi. Uhandisi wa programu huuliza namna watu ishirini watakavyoandika na kurekebisha kazi moja kwa miaka kumi bila mmoja kubomoa alichojenga mwenzake. Teknolojia ya habari huuliza kama katibu wa chama cha msingi ataweza kuitumia siku ambayo mtandao umekatika na wakulima wamejipanga juani.

Kwa hiyo anayechagua sayansi ya kompyuta kwa sababu anapenda simu yake ni kama anayependa kula samaki akadhani amekuwa mvuvi. Mwaka 1936, kabla kompyuta za namna ya leo hazijaundwa, Alan Turing wa Uingereza alithibitisha kwamba yako maswali ambayo hapana mashine yoyote iwezayo kuyaamua kwa hatua za hesabu. Alilithibitisha jambo hilo kwa kalamu na karatasi. Elimu hii, katika shina lake, ni elimu ya kufikiri juu ya hatua na mipaka yake; chombo ni tawi. Kijana anayechukia hisabati na kukimbilia huko ili aikwepe ataikuta imefika kabla yake, imeketi, inamngoja.

Kutokana na hayo chaweza kupatikana kipimo kilicho bora kuliko mshahara na fahari. Mtu ajiulize: ni kosa lipi ambalo lingemnyima usingizi mpaka alisahihishe? Yuko anayeona karavati lililobomolewa na mvua kati ya kijiji na mji, akapita. Na yuko anayesimama, akachungulia maji yalikopita, akarudi nyumbani akiwa bado analifikiria. Yuko anayesikia kwamba mizani ya juzi ilitofautiana na ya jana, akasema ni bahati mbaya. Na yuko anayetaka kujua tofauti ilianzia wapi. Kipawa hakijulikani kwa kupenda sifa ya kazi, maana sifa hupendwa na kila mtu. Hujulikana kwa kuivumilia taabu ya kazi. Na kwa kuwa makosa ya fani hizi hulipwa na wengine, uvumilivu huo si starehe ya mwenye kipawa. Ni haki ya wale watakaovuka daraja lake au kupimiwa kwa hesabu yake.

Sheria imelitambua jambo hili kwa upande mmoja. Mhitimu wa uhandisi nchini Tanzania haitwi mhandisi mtaalamu siku anapovaa joho; hana budi kufanya kazi chini ya uangalizi kwa miaka kadhaa kabla Bodi ya Usajili wa Wahandisi haijamwandika hivyo. Watunzi wengi wa programu hawana mlango wa namna hiyo wa kupita. Lakini kukosekana kwa mlinzi mlangoni hakumwondolei mtu wajibu. Kunauzidisha, maana dhamiri yake inabaki kuwa mlinzi wa pekee. Programu inayopunguza nusu kilo katika kila gunia haina kishindo cha daraja linaloanguka. Huiba kimya kimya, kila siku, katika kila ghala ilimopelekwa, na mwandishi wake huenda asijue kamwe kwamba amekuwa mwizi.

Hapa hutokea pingamizi, nalo ni zito. Yatasemwa kwamba maneno ya kipawa na usingizi ni ya watoto wa matajiri. Mtoto wa mkulima ana wadogo zake nyuma yake, ana mkopo wa Bodi ya Mikopo utakaokatwa katika mshahara wake, na ana wazazi walioweka mavuno yao juu ya kichwa chake. Huyo hana ruhusa ya kuchagua apendacho. Achague kinacholipa, tena upesi. Pingamizi hili halistahili kudharauliwa, na anayelidharau hajapata kuona gunia la mwisho likitolewa stoo.

Lakini pingamizi lenyewe, likifuatwa mpaka mwisho, linageuka. Maskini ndiye asiyemudu kukosea. Mtoto wa tajiri akishindwa mwaka wa pili atahamia fani nyingine. Mtoto wa mkulima akishindwa, anarudi na deni bila shahada, na mikorosho haiwezi kuzaa mara mbili kwa msimu mmoja. Anayesoma asichokipenda kwa ajili ya malipo ameongeza hatari ya kukosa vyote viwili. Tena malipo yenyewe hayana ahadi. Bei ya kinywe haipangwi Ruangwa. Huamuliwa katika masoko ya mbali, hasa ya China, ambako sehemu kubwa ya kinywe cha dunia huchimbwa na kusafishwa, na mgodi unaoajiri mwaka huu waweza kusimama mwaka ujao. Kazi za kompyuta nazo zina waombaji kila upande wa dunia. Jambo lisilosimama pamoja na mgodi wala kupitwa na mtindo ni msingi: hisabati iliyoeleweka, fizikia iliyoshikwa, na uwezo wa kuandika fikira kwa lugha safi. Kijana mwenye msingi huo aweza kuhama fani bila kuhama akili yake. Basi haki ya wazazi si kuchaguliwa jina la shahada linalong'aa, bali kupewa mtoto atakayehitimu akiwa anajua kweli anachodai kujua.

Linabaki swali la mwisho: je, aliyesomeshwa na mashamba ya Nachingwea amefungwa kurudi Nachingwea? Wako wasemao ndiyo, kwa sababu deni ni deni. Wako wasemao hapana, kwa sababu wazazi walisomesha mtoto, hawakununua mtumwa. Wa pili wana haki zaidi, lakini si haki yote. Deni hili si la mwili kukaa mahali, ni la kazi kukumbuka mahali. Mtunga programu aliye Dar es Salaam, akiandika mfumo wa mnada huku akimkumbuka katibu asiye na mtandao, amerudi nyumbani ingawa hajapanda basi. Na mhandisi anayekaa Ruangwa yenyewe, akajenga bwawa bila kuuliza maji ya visima hupita wapi, yuko mbali na nyumbani kuliko wale walioipima kusini kwa ndege mwaka 1946.

Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu ingefaa kijana apewe siku chache za kutembea, na siku hizo zisihesabiwe kuwa uvivu. Aende ghalani siku ya mnada, asimame karibu na mizani. Aende kwa fundi wa mashine ya kusaga, amwombe aione ikifunguliwa. Atazame barabara baada ya mvua. Awaulize wazee reli ilipita wapi. Taabu mojawapo kati ya hizo itamfuata nyumbani na kukataa kuondoka, na hiyo ndiyo itakayomwonyesha mstari wa kutia alama. Akikwisha kuutia, methali ya wazee irudi na nguvu zake zote: asilalamikie tena mpini wala bamba, ainame alime. Wazee hawakukosea. Walimsema mtu aliyekwisha fika shambani. Huyu bado yuko njiani, na jembe bado hajalitwaa.